Fomu za wagonjwa kwenye kliniki ya kisukari: zisomwe au ziachwe

Swali: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari ya wagonjwa wa nje. Tuliletewa fomu yenye maswali kama arobaini ambayo mgonjwa anajaza kabla ya kumwona daktari: hali ya moyo (furaha au huzuni), usingizi, hofu, matumizi ya dawa na mengineyo. Fomu zinajazwa, zinatiwa kwenye faili, na sijaona daktari hata mmoja akizifungua. Wagonjwa wameanza kuuliza ni za nini. Je, kazi hii ina faida yoyote au tuiache? Na kama ina faida, tutaifanyaje na foleni ndefu namna hii?

Jibu: Dada, kwa jinsi mnavyoifanya sasa, acheni. Sisemi mwache kuwauliza wagonjwa. Nasema mwache kukusanya karatasi. Mgonjwa aliyeandika kwamba halali usiku kwa kuogopa sukari isishuke, kisha akaingia kwa daktari na kutoka bila jambo hilo kuguswa, ameshaelewa kwamba mambo ya aina hiyo hayana nafasi hapo kliniki. Safari ijayo atazungushia "hapana" kote amalize haraka. Siku mtakapoanza kuzisoma, mtasoma majibu ambayo ninyi wenyewe mmemzoesha kuyatoa.

Wazo lenyewe lakini ni zuri, na kwenye kisukari linafaa kuliko kwenye maradhi mengi, kwa sababu kisukari kinatibiwa nyumbani. Daktari anamwona mgonjwa dakika chache, mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote ni mgonjwa anayeamua ale nini, achome insulini kiasi gani, ameze kidonge au akiruke. Majibu yanayotoka kwake moja kwa moja, kuhusu anavyojisikia na anavyoishi na ugonjwa, kabla daktari au muuguzi hajayapitisha kwenye maneno yake, ni kipimo kama vipimo vingine. Tofauti ni kwamba hakuna maabara inayoweza kukitoa.

Tuiangalie HbA1c, namba tunayoiheshimu kuliko zote. Inatupa wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Ila wastani huficha. Mtu ambaye sukari yake inapanda sana mchana na kuporomoka usiku anaweza kutoa HbA1c ileile na mwenzake ambaye sukari yake haipandi wala kushuka sana.

Chukua mgonjwa ambaye kila kliniki inaye. Mzee wa miaka sitini na kitu, anatumia metfomini na glibenklamaidi, HbA1c yake ni asilimia 6.8. Daktari anatazama namba, anasema "hongera mzee, endelea hivyohivyo," anaandika dawa zilezile, anaita mwingine. Fomu ya mzee huyo iko nyuma ya faili, na kwenye swali la hofu amezungushia alama ya juu kabisa. Ukikaa naye na kumuuliza, atakwambia kuna usiku anaamka ametota jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, mpaka anywe kitu chenye sukari ndipo atulie. Tangu lilipomtokea mara ya kwanza, kila jioni anakula mara mbili kabla ya kulala, na siku ya safari hamezi kidonge kabisa. Hajawahi kulisema kwa sababu hakuulizwa, na pia kwa sababu ile "hongera" ilimfunga mdomo. Nani atalalamika baada ya kusifiwa? Glibenklamaidi inajulikana kwa kushusha sukari kupita kiasi, hasa kwa wazee na kwa watu ambao figo zao zimedhoofika. Mzee huyu anahitaji dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Namba iliyomfurahisha daktari imepatikana kwa gharama ambayo daktari haijui.

Kwamba hatuulizi si dhana yangu. Utafiti wa DAWN2, uliofanyika katika nchi 17 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, uliuliza pande zote mbili. Karibu nusu ya watoa huduma walisema huwauliza wagonjwa jinsi kisukari kinavyogusa maisha yao. Wagonjwa waliosema wameulizwa hivyo walikuwa takribani robo. Sidhani kuna aliyedanganya. Ile "unaendeleaje?" ya mtu anapovuta kiti, sisi huihesabu kuwa swali, na mgonjwa huihesabu kuwa salamu. Katika utafiti huohuo karibu asilimia 45 ya wagonjwa walikuwa na msongo mkubwa unaotokana na kisukari chenyewe.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Kuna majaribio mawili ya Uholanzi ambayo hupenda kuyaweka pamoja. Katika la kwanza, lililochapishwa 2001, wagonjwa wa nje wenye kisukari walijibu maswali ya hali ya moyo kwenye kompyuta, kisha muuguzi wa kisukari akakaa nao wakayazungumzia majibu. Hali yao ya moyo ikawa nzuri kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Katika la pili, la 2011, wagonjwa walipimwa dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), na matokeo yakapelekwa kwa maandishi kwao wenyewe na kwa madaktari wao. Faida iliyoonekana ilikuwa ndogo. Majaribio hayo hayafanani kwa kila kitu, kwa hiyo sitayabebesha zaidi ya uwezo wake, lakini mimi nayasoma hivi: upande mmoja kulikuwa na mtu aliyekaa na kuuliza, upande mwingine kulikuwa na barua. Kliniki yenu kwa sasa iko upande wa barua, tena barua isiyofunguliwa.

Kwenye saratani kuna mfano wenye nguvu zaidi. Jaribio moja la Marekani liliwapa wagonjwa nafasi ya kuripoti dalili zao wenyewe kwa kompyuta, na dalili ikizidi, muuguzi alipata ujumbe mara moja. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba nusu yao waliishi zaidi ya miezi 31, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida nusu walivuka miezi 26. Kisukari si saratani, na usiende kuwaahidi watu hayo. Ninachotaka uone ni yule muuguzi aliyekuwa anapokea ujumbe.

Na mkubwa wenu akiuliza kama fomu zitashusha HbA1c, mwambie ukweli: kwa peke yake, huenda zisiishushe. Katika lile jaribio la 2001 haikubadilika. Mnachotarajia ni mgonjwa aliyepunguziwa mzigo, dawa iliyobadilishwa kwa wakati, na hatari iliyoonekana mapema. Ukiahidi zaidi ya hapo, mradi utafungwa mwaka ukiisha.

Maswali arobaini ni mengi mno. Kila swali kwenye fomu liwe na mwenyewe, yaani mtu anayejua leo atafanya nini jibu likiwa baya. Swali lisilo na mwenyewe litolewe, hata kama limeandikwa na mabingwa.

Ningekuwa pamoja nanyi ningeanza na PAID-5. Huu ni ufupisho wa PAID, dodoso la maswali 20 lililotoka mwaka 1995 kupima jinsi kisukari kinavyomlemea mtu. Maswali ni matano: hofu, huzuni, wasiwasi juu ya madhara ya baadaye, kuhisi kisukari kinakumaliza nguvu za mwili na akili kila siku, na kukabiliana na madhara yaliyokwisha kutokea. Kila moja lina alama 0 hadi 4, jumla 20, na kuanzia 8 kuna jambo la kuzungumza. (Mkitumia lile refu la maswali 20, jumla huzidishwa kwa 1.25 ili ifike 100, na 40 kwenda juu ni msongo mkubwa.) Pamoja nalo wekeni WHO-5, maswali matano ya hali ya moyo katika wiki mbili zilizopita: umekuwa mchangamfu, umetulia, una nguvu, umeamka ukiwa umepumzika, siku zako zina mambo yanayokuvutia? Kila swali ni 0 hadi 5, jumla inazidishwa kwa 4. Ikiwa 50 au chini, mfuatilie. Ikiwa 28 au chini, sonona iwe ya kwanza akilini.

Maswali ya kushuka kwa sukari msiyaache, hasa kwa wanaotumia insulini na dawa za kundi la glibenklamaidi. Tangu ulipokuja mara ya mwisho, imeshuka mara ngapi? Imewahi kushuka hadi ukasaidiwa na mtu mwingine? Na je, huwa unaisikia inapoanza kushuka? Hilo la mwisho halihitaji ufundi. Kipimo cha Gold ni swali moja tu, mgonjwa anajipa alama 1 hadi 7, 1 ikiwa anaisikia kila mara na 7 ikiwa haisikii kamwe. Akijipa 4 au zaidi, yaelekea mwili wake umeanza kupoteza onyo, na huyo hatakiwi kuondoka na dozi ileile bila mtu kufikiri.

Kuhusu dawa, ulizeni kwa namna isiyomfanya mtu ajitetee: "Watu wengi dawa huwapita siku moja moja. Wiki iliyopita zilikupita siku ngapi?" Anayejibu siku tatu amewapa habari kubwa kuliko maabara. Kabla ya kumwongezea dozi, ujue kama metfomini inamharisha, kama hawezi kuinunua, au kama ameambiwa na mtu kwamba insulini ndiyo inayopofusha macho.

Halafu swali lisilo na alama, ambalo nalipenda kuliko yote yaliyotangulia: "Leo ungependa tuzungumzie nini zaidi?" Mistari miwili mitupu. Hapo ndipo mnapokutana na miguu inayowaka moto usiku, ugomvi wa nyumbani juu ya chakula, na nguvu za kiume zilizopungua. Hili la mwisho limeenea kwa wanaume wenye kisukari, na wengi wako tayari kuliandika miaka mingi kabla ya kuwa tayari kulitamka.

PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona, isiwe ya kila mtu kwenye foleni. Iwe hatua ya pili kwa mwenye WHO-5 ya chini. Sababu ni kwamba uchovu, usingizi mbovu, hamu ya kula iliyobadilika na akili kutotulia ni dalili za sonona na vilevile ni dalili za sukari kuwa juu. Anayeamka mara nne kwenda kukojoa hataamka amepumzika, hata awe na furaha namna gani. Kwa hiyo usitazame jumla peke yake. Tazama ni maswali yapi yamepanda.

Kuna jambo moja hapa sitaki ulipitie haraka. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza mawazo ya kujidhuru au kuona ni afadhali kufa. Kama fomu yenu ina swali la namna hiyo, basi kwenye zile faili huenda kuna mtu ameshajibu "ndiyo" na hakuna aliyemwona. Mtu mmoja apewe kazi ya kuzipitia wiki hii, akitafuta mawili tu: jibu hilo, na waliosema sukari ilishuka hadi wakasaidiwa. Hao wapigiwe simu. Nyingine zote ziacheni zilipo. Na kuanzia sasa, swali hilo lisitolewe kwa mgonjwa yeyote kabla hamjaandika ni nani anaitwa, kwa simu ipi, na mgonjwa anasubiri chumba gani. Aliyejibu "ndiyo" aonwe siku hiyohiyo, kabla hajatoka.

Sasa foleni. Mgonjwa anakaa muda mrefu akisubiri, na muda huo hautumiki, kwa hiyo fomu itolewe mapokezi anapoandikishwa. Asiyesoma asomewe, ila pembeni, si mbele ya benchi zima, na ikiwezekana asisomewe na ndugu aliyemsindikiza. Mama hawezi kusema wanawe wanamfokea kila anapopeleka mkono kwenye sahani ikiwa mwana ndiye aliyeshika kalamu.

Unapompima uzito na presha, jumlisha alama palepale. Kisha andika mstari mmoja kwenye ukurasa uleule ambao daktari anasoma HbA1c, juu yake ikiwezekana:

*PAID-5: 11. WHO-5: 44. Sukari ilishuka usiku mara 3. Dawa zilimpita siku 2. Anataka kuzungumzia: miguu.*

Hivyo tu. Daktari hatafungua fomu ya kurasa nne, wala mimi nisingefungua. Mstari ulio mbele ya macho yake atausoma. Ukiona ana haraka, mweleze kwa mdomo mgonjwa anapoingia: "Daktari, huyu sukari inamshuka usiku." Madaktari wengi huogopa kwamba mambo haya yatafungua mazungumzo yasiyokwisha. Mimi naona kinyume chake: ukijua mapema jambo lenyewe ni miguu, huzunguki dakika tano ukiuliza mengine, kisha likatajwa mkono wa mgonjwa ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Namna ya kuanza ina uzito. Sema ulichokiona, kisha nyamaza: "Naona hapa umezungushia nne, kwamba kisukari kinakumaliza nguvu kila siku. Hebu nieleze kidogo." Kimya cha sekunde kadhaa kitakusumbua wewe kuliko mgonjwa. Usikijaze na "usijali, utazoea," na kwa hali yoyote usiseme "ndiyo maana tunakwambia ufuate masharti." Maneno hayo yanafuta fomu nzima. Mengine hayatamalizika siku hiyo, na si lazima yamalizike. Yaandike, mwambie mtayarudia lini, kisha kweli uyarudie.

Ukishasikia, tofautisha msongo wa kisukari na sonona, maana watu huzichanganya na kutoa dawa isiyohusika. Mwenye msongo wa kisukari amechoshwa na kazi ya ugonjwa: vipimo, vidonge, lawama, hofu ya kukatwa mguu. Mwondolee mzigo huo na mtu yuleyule anacheka. Utafiti wa Fisher na wenzake wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kinachoendana na HbA1c mbaya ni msongo huo, si sonona. Kwa hiyo fanya kazi kwenye mzigo: chagueni badiliko moja badala ya sita, angalia kama kweli anahitaji kujichoma kidole mara nyingi kiasi hicho, mpe habari sahihi kuhusu madhara anayoyaogopa, mwite mwenza wake aelezwe. Sonona haishii kwenye kisukari. Inagusa kila kitu na ina tiba yake. PHQ-9 ikifika 10, apelekwe kwa anayeweza kumchunguza vizuri. Fomu haithibitishi ugonjwa, inaelekeza tu pa kutazama.

Jihadharini na jambo moja kutoka juu. Alama zikishakuwapo, siku moja ofisi itataka wastani wake, kisha itataka kuzishindanisha kliniki. Kataeni mapema na kwa adabu. Kliniki inayopokea wagonjwa waliozidiwa itaonekana mbovu, na wauguzi wataanza, bila hata kukusudia, kuwasaidia wagonjwa kuzungushia namba nzuri. Alama za mgonjwa zilinganishwe na zake mwenyewe za nyuma. Hata hapo kuna kupanda kusikokuwa kubaya: aliyeambiwa mwezi uliopita kwamba macho yameguswa, PAID-5 yake lazima ipande, na ingekuwa ajabu isipande.

Mara ngapi? Si kila ziara, watachoka na ninyi mtachoka. Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza msongo wa kisukari upimwe angalau mara moja kwa mwaka. Ongezeni nyakati ambazo maisha ya mgonjwa yanageuka: anapoanzishiwa insulini, anapoambiwa ana madhara mapya, anaposhika mimba, na pale HbA1c inapopanda bila sababu inayoeleweka. Maswali ya kushuka kwa sukari ndiyo pekee ningeyauliza kila anapokuja.

Msianze kliniki nzima. Tafuta daktari mmoja aliye tayari, siku moja ya kliniki kwa wiki, fomu ya ukurasa mmoja. Kabla ya kuchapisha, angalieni masharti ya kila dodoso, kwani PHQ-9 inatumika bila kuomba ruhusa lakini mengine yana wenyewe wanaotaka waandikiwe kwanza, na mchukue tafsiri iliyokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa badala ya kutafsiri wenyewe usiku mmoja. Baada ya wiki chache keti na daktari huyo mhesabu kitu kimoja: ni mara ngapi ule mstari ulibadilisha kilichofanyika chumbani, iwe dozi, rufaa, au mazungumzo tu. Swali ambalo halijabadilisha chochote kwa mgonjwa yeyote, liondoeni kabla ya kuchapisha fomu nyingine.